Kusimama Kwanza, Kukimbia Mwisho

"Breki, breki, breki! Hivi shemeji, wewe ulizaliwa na mwanamke au ulitolewa kwenye boksi la spea?"

Wilhelmina alikuwa amesimama katikati ya gereji, mikono kiunoni, kitenge kimekazwa kwa ajili ya ugomvi. Harufu ya dagaa ilikuwa imeingia hatua tatu kabla yake, kama kawaida. Shimba alikuwa chini ya gari, inaonekana miguu tu.

"Nilizaliwa na mama mkwe wako," miguu ikajibu. "Na hiyo turbo haifungwi."

"Inafungwa."

"Haifungwi, Mama Queen."

"Gari la nani hili?"

Hapo miguu ikajivuta ndani kidogo. Gari lilikuwa la Wilhelmina, na aliyelinyoosha baada ya ajali na kumwandikishia ni Shimba huyo huyo, mwaka ule mdogo wake Paulo, mume wa Wilhelmina, alipokatwa mguu. Mtaa mzima wa Igogo ulimsifu. Walisema ndugu wa namna hiyo wamebaki wawili duniani, na yule wa pili yuko Ukerewe na ni mgonjwa. Shimba kila aliposikia sifa hizo aliinamisha kichwa, na watu wakaona ni unyenyekevu.

"Basi sikia," Wilhelmina akasema. "Mwenye gari anasema turbo."

"Na fundi anasema breki."

"Fundi afunge mdomo, halafu afunge turbo."

Lilikuwa Subaru jeupe, fupi, lenye makalio yaliyoinuka kama ya mbuzi anayetaka kurusha teke. Siku sita za wiki lilikuwa gari la barabarani: linabeba magunia ya dagaa kutoka soko la Mwaloni hadi stendi ya Buzuruga, linapakia mama wawili na ugomvi wao, linarudi. Siku ya saba linavuliwa viti vya nyuma, linaoshwa kwa sabuni na ndimu, linakwenda kushindana. Harufu haikutoka kamwe. Madereva wenzake walisema gari lile hata likiwa nyuma yako kilomita nzima utajua, maana pua hufika kwanza. Mwaka mmoja paka kumi na saba walilifukuza kutoka Mkuyuni mpaka Usagara, na wawili kati yao walifika Misungwi, kwenye mashindano, mapema kuliko madereva watatu walioshiriki.

Sasa ilikuwa Alhamisi asubuhi, na mashindano yalikuwa Jumamosi. Queen, mtoto pekee wa Wilhelmina na Paulo, msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye mkono mwepesi kwenye usukani, angekalia kiti kile kile ambacho baba yake alikikalia mara ya mwisho akiwa na miguu miwili. Kwenye mkeka, upande wa kushoto, ilikuwa turbo ya kuongeza nguvu ya injini, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Upande wa kulia lilikuwa boksi la breki: diski kubwa, pedi za mashindano, mipira ya mafuta isiyovimba. Vyote vilikuwepo. Kisichokuwepo ni siku. Turbo ilitaka siku mbili, na rejeta yake kubwa na mabomba yake. Breki nazo zilitaka siku mbili, kwa sababu diski zile hazikai bila vishikio vya kuchongwa, na mchonga vyuma akikwambia njoo saa nne ujue atafungua saa kumi. Mikono ni miwili, mgongo ni mmoja na umeshaoza. Kimoja kingefungwa, kingine kingelala kwenye mkeka mpaka Jumamosi ipite.

Wilhelmina alijua hesabu hiyo. Ndiyo maana alikuja na kigoda chake na bakuli la ugali, akamwambia Shimba hatoki hapo mpaka aone injini imevuliwa.

Shimba akajitoa chini ya gari kwa mgongo, taratibu, kama kobe aliyepinduliwa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, kichwa kimemea mvi upande mmoja tu, ule anaolalia.

"Shemeji, kaa nikueleze."

"Nieleze nikiwa nimesimama. Nikikaa nitakuelewa."

"Gari hili ni ng'ombe wa maziwa tuliyemfunga plau. Ukitaka alime shamba kubwa, huanzi kwa kuongeza mjeledi. Unaanza kwa kuangalia kwato. Pedi zilizomo ni za barabarani. Zinashika zikiwa baridi. Bajaji ikikukatiza pale Buzuruga, unakanyaga, gari linasimama, unatukana, unaendelea na safari. Lakini kule Misungwi mtu anakanyaga mara ishirini kabla hajapiga chafya. Zinapata moto. Zikipata moto zinakuwa sabuni. Mafuta yake yanachemka kama chai, mguu unazama, gari linakwenda."

"Hizo ulizoleta zenyewe si ulisema zikiwa baridi hazishiki?"

"Zinataka zipashwe kidogo. Queen nitamfundisha. Wiki ijayo nikizivua narudisha za dagaa."

"Basi litie turbo, breki zilizomo azipampu."

Shimba alishtuka kama mtu aliyeitwa jina lake na marehemu.

"Nani alikwambia habari ya kupampu?"

"Si ndivyo mnavyosema ninyi mafundi? Pampu, pampu." Wilhelmina akaonyesha kwa mguu wake, ndala ikapiga sakafu. "Halafu niambie, hizo breki zilizomo zina ubaya gani? Si wewe mwenyewe ulizifunga mpya mwaka ule? Ulitufungulia gurudumu hapa hapa, mbele ya wanakamati wa mashindano na wajomba. Ukasema, angalieni, mpya kabisa, hazijamaliza hata siku mbili. Tuliziona kwa macho! Zilikuwa mpya, na mume wangu akaenda kuchinjwa mguu. Breki mpya zilimsaidia nini?"

Shimba akatafuta kitambaa cha kufutia mikono, ingawa alikuwa amekishika.

"Nitakwambia mimi," Wilhelmina akaendelea. "Kilichomwangusha Paulo ni kubanwa. Wapinzani wake, akina Chenge, walimkalia nyuma, honi na matusi, akapaparika, mguu ukateleza kwenye pedali. Angekuwa na nguvu ya kuwaacha asingepaparika. Huyo Chenge mwenyewe juzi kanikuta Mwaloni na vijana wake wa Buzuruga. Ananiambia, mama, dagaa hawakimbii, wanaanikwa. Mbele ya wateja wangu! Sasa mwanangu nampa nguvu awaache mbali, wabaki wanalamba harufu."

Ndivyo uongo ulivyo. Mtu huuzaa ukiwa mdogo, akausitiri kwa aibu, akidhani utakufa utotoni. Huu wa Shimba ulikuwa umelishwa vizuri. Ulikuwa na miaka mitatu, umeota meno, na sasa umesimama katikati ya gereji yake umefunga kitenge, unamfundisha kazi yake.

Na kazi aliijua. Alifundishwa na fundi Salehe, mzee wa Kiislamu aliyekuwa na gereji Igogo kabla mabati hayajawa na bei, mtu aliyeweza kuisikiliza injini ikingali mbali barabarani akakwambia bolti ipi imelegea na nani aliilegeza. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuponya lori lililokufa kwa kulisomea orodha ya wadeni wake. Salehe hakuwa na maneno mengi. Kila aliyetaka gari lake liongezwe mbio alisomewa maneno manne, na kila neno lilisindikizwa na spana ikigonga meza. Kusimama. Kushika. Kupoa. Kukimbia. Kwanza gari liweze kusimama, yaani breki. Pili liishike ardhi, yaani matairi na shokapu. Tatu lipoe, yaani rejeta na oili. Ukimaliza hayo matatu, na kama bado una akili zako, ndipo uliongezee nguvu. "Anayeanza na la nne," Salehe alisema, "namchongea jeneza, maana mbao ninazo."

Lakini kabla ya Salehe kulikuwa na Machibya.

Machibya alikuwa baba yao Shimba na Paulo, manju wa ngoma, huko vijijini ng'ambo ya Misungwi. Baada ya mavuno Wagalu na Wagika, vyama viwili vya ngoma, walipokutana kucheza, makundi mawili yalicheza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake. Hakukuwa na hakimu wala karatasi. Watu wenyewe ndio hukumu: walikoelekea ndiko kwenye ushindi. Kundi linaweza kucheza mpaka ardhi ikapasuka, ikiwa watu wamehamia kwa jirani limeshindwa. Kwa hiyo manju mzuri alitafuta kwanza cha kuwavuta, dawa, chatu, kinyago, kichekesho, chochote kile, hatua za ngoma zikafuata baadaye. Machibya alikuwa mfalme wa kuvuta. Alipopuliza filimbi ng'ombe waliacha kunywa maji. Mpinzani wake mmoja alikimbiwa katikati ya wimbo na wapenzi wake, kisha mke wake, kisha mama yake mzazi, mwisho mbwa wake. Wengine walirudi nyumbani jioni. Mbwa hakurudi.

Shimba alikulia begani kwa mtu huyo. Kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi alishajua kwamba kushinda ni kuvuta watu.

Mashindano ya Misungwi yalipoanza, kwenye njia ya mzunguko iliyoachwa na wakandarasi, nusu lami, nusu kifusi, mwandaaji wake alitoa vikombe viwili. Kimoja cha aliyetangulia. Cha pili cha gari lililopendwa na watu, na hicho kilikuwa kikubwa zaidi, kwa kuwa watu ndio wanaonunua soda. Madereva wengine walikitazama cha kwanza. Shimba alipokiona cha pili alimwona baba yake.

Na fundi yule, mwanafunzi wa Salehe, akaanza kulijenga gari kama anayejenga ngoma. Akaanza na rangi. Zikaja taa za chini ya mlango. Likaja bawa la nyuma ambalo kuku wa jirani walilala juu yake wanane. Akaongeza nguvu ya injini kidogo, ili iwe na cha kusema. Matairi yakabaki yale yale ya dagaa. Breki zikabaki zile zile za dagaa. "Wiki ijayo," alimwambia Paulo. Paulo alikuwa dereva, na alikuwa mdogo wake, na mdogo husubiri wiki ijayo.

Siku moja kabla ya mashindano ya mwaka ule Paulo alirudi kutoka kulijaribu gari akasema, "Kaka, pedali inazama."

"Inazama vipi?"

"Inakwenda chini. Naikanyaga kama nakanyaga mkate."

Pedi mpya zilikuwa ndani ya boksi, kwenye rafu, zimenunuliwa. Kuzifunga na kubadilisha mafuta ilikuwa kazi ya nusu siku. Na nusu siku ndiyo iliyokuwa imebaki. Lakini kwenye rafu hiyo hiyo lilikuwa pia bomba la moshi jipya, nene kama paja la mkuu wa kaya, na lenyewe lilitaka nusu siku vile vile.

"Pampu mara mbili," Shimba akamwambia mdogo wake. "Ikikataa, pampu mara tatu. Wiki ijayo nakufungia."

Akafunga bomba.

Sauti yake! Lilipowashwa, majogoo wa Igogo waliwika saa saba mchana. Sangara wawili walijirusha wenyewe ndani ya mtumbwi. Mzee mmoja aliyekuwa kiziwi tangu mwaka wa uhuru aliuliza nani anampigia kelele. Na Jumamosi ile, Paulo alipozungusha mara ya kwanza, watu waliokuwa wamesambaa pande zote za njia waliacha magari mengine, wakaokota watoto na viti, wakakimbilia upande wake. Walijaa kwenye kona ya mwisho, maana pale ndipo bomba lilinguruma zaidi. Kamba iliyowazuia ikapinda kwa matumbo yao. Shimba alisimama juu ya pipa analia kwa furaha, anamwita baba yake kwa jina.

Mzunguko wa tatu Paulo alifika kwenye kona hiyo, akakanyaga, mguu ukazama. Akapampu mara mbili. Akapampu mara tatu. Mbele yake palikuwa na watu wale wote waliovutwa, wanawake na watoto wao mgongoni, wanampigia makofi. Upande wa pili palikuwa na karavati la zege. Paulo akachagua zege.

Watu wakamkimbiza Paulo hospitali. Gari likavutwa mpaka Igogo, na Shimba akabaki nalo peke yake, akisema analilinda. Alifungua gurudumu la mbele. Pedi zilikuwa zimekwisha, chuma kimeuma chuma, diski imekuwa bluu. Alikaa akiitazama kwa muda wa kula sahani moja ya wali. Kisha akafungua boksi, akafunga zile pedi mpya kwenye gari lililokuwa limekunjika kama karatasi, gari ambalo siku ile halikuwa na haja ya breki. Akazipaka vumbi na masizi zionekane zimetumika siku moja. Za zamani akazitupa ziwani nyuma ya mawe, na jua lilikuwa bado halijazama. Kazi ya nusu siku aliimaliza kwa saa moja na nusu.

Kesho yake wanakamati wakaja, na wajomba, na Wilhelmina macho yamevimba. Akawafungulia gurudumu. "Angalieni," akasema. "Mpya kabisa."

Wakatikisa vichwa. Wengine wakasema akina Chenge wameweka kitu. Wengi wakasema ni mguu umeteleza.

Na Paulo, alipopata fahamu na kusimuliwa, alikumbuka jinsi alivyolalamikia pedali. Akaona haya. Kumbe kaka alibadilisha breki kimya kimya, na yeye alikwenda kulaza mguu vibaya. Shimba alipoingia wodini, mdogo wake alimshika mkono. "Nisamehe, kaka. Mguu uliteleza. Nimeliharibu gari letu."

"Yamepita," Shimba alisema.

Tangu hapo kila Krismasi, baada ya pilau, Paulo humwomba tena msamaha. Na kila Krismasi Shimba humsamehe.

"Umenyamaza," Wilhelmina akasema, na ndala yake ikapiga sakafu tena. "Ukinyamaza mimi najua la kufanya. Kuna fundi Buzuruga anafanya kazi na vijana wanne. Nikimpigia sasa hivi anakuja kulivuta, kesho jioni turbo imefungwa na wimbo juu."

Akatoa simu kwenye kifundo cha kitenge.

"Usimpigie."

"Kwa nini?"

"Huyo hana habari ya breki. Atafunga atakachoambiwa."

"Ndicho ninachotaka! Nimechoka na mafundi wenye maoni." Alikuwa ameshaanza kubonyeza. "Nina malori mawili ya akina mama wa dagaa wanakuja kumshangilia mwanangu. Wameshona sare. Watakaa wapi unafikiri? Pale pale kwenye kona ya mwisho. Nimewaambia, hapo ndipo mtamwona vizuri."

Shimba akaiona kona. Akaiona imejaa sare.

"Mama Queen, weka simu chini."

"Hallo? Hallo, fundi?"

"Wilhelmina!"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu aolewe. Kwenye simu mtu alikuwa akisema hallo, hallo, nani mwenzangu. Wilhelmina aliishusha polepole akaikata.

"Zilikuwa hazijafungwa," Shimba akasema.

"Nini?"

"Breki. Siku ya Paulo. Zilikuwa ndani ya boksi."

"Unasema nini wewe? Tuliziona."

"Mliziona kesho yake." Alikuwa anaongea na kitambaa. "Paulo aliniambia pedali inazama. Nilikuwa na nusu siku. Nilifunga bomba. Nilitaka watu waje upande wetu. Wakaja, uliwaona. Ninyi mlipokwenda hospitali nikazifunga. Nikazipaka masizi. Mguu wa Paulo haukuteleza popote. Alikanyaga vizuri. Alipampu kama nilivyomwambia, akaona watu mbele, akaenda kujigonga kwenye zege asiwaue. Ndivyo ilivyokuwa."

Wilhelmina akakikalia kigoda alichokataa kukikalia. Nje mtu alikuwa ananadi mihogo ya kukaanga, akapita, akaenda zake.

"Miaka mitatu," Wilhelmina akasema.

"Mitatu."

"Namwita mume wangu mzembe miaka mitatu. Unajua nilimwambia nini siku moja? Alikuwa anashindwa kupanda kitandani, nikamwambia, hata mguu wenyewe ulikukimbia kwa uzembe wako. Akacheka, shemeji. Alicheka! Akaniambia kweli, Mama Queen, haukuwa na mwenyewe." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele zake zote. "Na gari ukaniandikishia. Nikakubebea kuku. Nilikubebea kuku, mwanaharamu wewe, na mchele wa Magugu, nikakupigia magoti!"

"Nilimrudisha yule kuku..."

"Ulimrudisha akiwa mchuzi!"

Shimba akakikunja kitambaa mara nne.

"Na leo," Wilhelmina akasema, "leo nimekaa hapa nakupigia kelele uniulie mtoto. Kwa akili uliyonipa wewe. Breki hazisaidii kitu. Nani alinifundisha? Wewe. Na ungenyamaza, si ndiyo? Kama nisingetoa simu ungeendelea kunipiga hadithi ya ng'ombe na kwato."

"Nilikuwa nazifunga breki, shemeji. Nilikuwa nakataa."

"Ulikuwa unazifunga na mdomo umeufunga." Akainuka, akaiinua turbo kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, lakini alikuwa mwanamke wa magunia. Akaipeleka mpaka nje ya mlango akaitua kwenye mchanga, akarudi akipangusa mikono kwenye kitenge kana kwamba ametoka kumtupa panya. "Funga breki."

"Nafunga."

"Sasa hivi. Mchonga vyuma nitamkalia mimi mwenyewe na hiki kigoda. Na Paulo utamwambia."

"Nitamwambia. Jumapili, mashindano yakiisha. Asiende kule na moyo..."

"Leo."

"Nipe mpaka Jumapili tu, Mama Queen. Niifanye kazi kwanza kwa mkono uliotulia. Nakuomba."

"Uliwahi kupewa nusu siku ukainunulia kelele. Leo, nimesema. Na usimwambie ulisahau. Usimwambie ni shetani wala akina Chenge. Mwambie ulichagua."

"Atasemaje?"

"Mimi nitajuaje? Mume niliyekuwa namjua siye. Yule alikuwa mzembe. Huyu wako wa karavati mimi simjui, ndiyo kwanza nimeambiwa habari zake." Akajipangusa uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayejipiga kofi. "Na akitaka kukuua nitamshikia gongo lake la kutembelea lisianguke."

"Na Queen je? Queen naye aambiwe?"

"Usianze kugawa mzigo. Anza na—"

Mlango wa mabati ukasukumwa. Paulo aliingia kwa ubavu, gongo la kwanza, kisha bega, kisha gongo la pili. Alikuwa ametoka kwenye mizani yake ya dagaa, magamba yakimetameta kwenye mikono ya shati, na shingoni amening'iniza chupa ya chai ya kumletea kaka yake. Alimtazama mkewe aliyekuwa amefungua mdomo. Akalitazama gari, lililoinuliwa juu ya jeki, gurudumu la mbele limevuliwa.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Wilhelmina akamgeukia Shimba. Shimba akavuta pumzi ya kumwitikia mdogo wake, na badala ya marahaba akasema, "Nilichagua bomba, Paulo."